Kutoka Grenoble: viatu vya theluji kwa mtoto mwenye miguu myembamba



Wengi wetu tuna watoto, wadogo au wajukuu wanaokulia Ulaya. Kila mwaka, mwezi wa pili ukifika, simu zinaanza kuingia: shule inawapeleka watoto kwenye theluji, mmoja ameumia mguu, mwingine analia baridi, mama utuombee. Sisi huku tunaomba bila kujua tunaombea nini hasa. Mwaka huu nilikuwa huko mwenyewe, kwa mdogo wangu anayeishi Grenoble, na nimeona kwa macho yangu. Shida kubwa niliyoikuta haikuwa baridi wala kuanguka. Ilikuwa viatu.

Grenoble ni mji wa Ufaransa uliokaa bondeni, chini kabisa, mahali mito miwili inapokutana, Isère na Drac. Mji wenyewe ni tambarare kama sahani, na ukingo wa sahani ni milima: Chartreuse upande wa kaskazini, Vercors upande wa magharibi, Belledonne upande wa mashariki. Ukisimama njiani ukitazama mwisho wa barabara yoyote, unaona ukuta wa mlima. Mtu wa Bukavu hajisikii mgeni sana pale, isipokuwa kwamba kwetu nyumba zinapanda mlima pamoja na watu, na kule watu wamekaa chini na mlima umeachiwa miti, ng'ombe na theluji.

Jambo moja lilinishangaza. Mji wa Grenoble uko kwenye metri mia mbili na kidogo tu juu ya bahari. Bukavu yetu iko karibu metri 1500. Kwa hiyo niliposhuka pale nilikuwa nimeshuka bonde refu, na baridi iko kule chini! Halafu tukapanda Chamrousse, kijiji cha kuteleza kilicho kwenye milima ya Belledonne, na sehemu yake inayoitwa Recoin iko kwenye metri 1650. Ni juu kidogo tu kuliko nyumba yangu. Kwangu kwenye metri hizo tunapanda maharagwe na ndizi. Kwao theluji inafika magotini. Mambo ya ikweta hayo. Sisi tukitaka theluji ni lazima tupande Ruwenzori mpaka juu kabisa, kule Margherita kwenye metri 5109, na ni wachache wa Mutwanga tu wanaoijua njia hiyo kwa miguu yao.

Bisi ya kwenda Chamrousse inapita kwanza Uriage, mji mdogo wenye maji ya chemchemi ya kutibu ngozi, halafu inaanza kupanda msituni kona kwa kona. Kule chini siku hiyo mji ulikuwa umefunikwa na ukungu mzito wa kijivu, watu wamejikunja makoti. Tulipofika juu ya ukungu, jua! Mbingu ya bluu, theluji inang'aa mpaka macho yanauma, na bonde lote chini yetu limejaa mawingu meupe kama pamba. Watoto wote wa bisi walipiga kelele, isipokuwa wa kwetu. Yeye alikuwa anatazama mfuko wa viatu uliokuwa katikati ya magoti yake.

Nieleze. Mtoto huyu, wa mdogo wangu, kwa hiyo ni mwanangu pia, ana miaka kumi na miwili. Ni mrefu na mwembamba, nyayo ndefu nyembamba, muundi mrefu, na nyama ya nyuma ya mguu ni kidogo sana. Ni umbo la ukoo wetu. Mama yetu mzee alikuwa hivyo hivyo na alibeba mizigo miaka arobaini. Lakini mwaka uliotangulia, shule ilipowapeleka kwa juma moja, magazini moja ya kukodisha ilimpa viatu vilivyompita kwa santimetri mbili. Walimwambia avae soksi mbili. Alirudi na muundi umevimba na kuwa mweusi, ukucha wa kidole gumba umekufa, na neno moja baya zaidi kuliko yote hayo: mtu fulani alimwambia kwamba mwenye miguu kama vijiti hafai kwa ski, aende akale kwanza. Mdogo wangu naye akaanza kuulizwa na majirani kama mtoto anashiba. Mwaka huu mtoto alisema haendi. Lakini asipokwenda, anabaki peke yake shuleni juma zima, darasa likiwa tupu, na wenzake wakirudi wana hadithi asizozijua. Wamama, mnajua uzito wa jambo hilo kwa msichana wa miaka kumi na miwili.

Sasa kiatu chenyewe. Msifikirie buti ya mvua wala kiatu cha askari. Kiatu cha ski ni vitu viwili. Nje kuna ganda la plastiki gumu, linalofika karibu nusu ya muundi. Ndani kuna kiatu kingine laini cha sponji na kitambaa, kinachoweza kutolewa. Mbele ya ganda kuna bizimu za chuma, kama bizimu za mkanda, kwa kawaida nne: mbili juu ya unyayo na mbili kwenye muundi. Juu kabisa kuna ukanda mpana wa kitambaa unaozunguka mguu. Zamani viatu hivi vilikuwa vya ngozi na kamba, watu wanavifunga kwa nguvu mpaka vidole vinachubuka. Plastiki ilikuja miaka ya 1960, na Mmarekani aitwaye Bob Lange ndiye anayetajwa sana katika habari hiyo. Mwaka 1968 Michezo ya Olimpiki ya baridi ilifanyika Grenoble, Rais de Gaulle akaifungua, na mashindano ya kushuka mlima yalikuwa hapo hapo Chamrousse. Mfaransa Jean-Claude Killy alichukua medali tatu za dhahabu, na dada mmoja, Marielle Goitschel, akachukua moja ya slalomu. Wazee wa pale bado wanasimulia kama jana.

Kwa nini ganda liwe gumu hivyo? Kwa sababu kiatu ndicho usukani. Mtu anayeteleza anasukuma muundi mbele, muundi unasukuma kiatu, kiatu kinasukuma ski, na ski inageuka. Mguu ukicheza ndani ya kiatu, amri haifiki. Mtoto anageuza mguu lakini ski inaendelea moja kwa moja kwenye mti au kwa mtu mwingine. Na kila akijaribu kusimama, muundi unapigwa na ukingo wa plastiki, mara mia, mara mia mbili kwa siku. Ule weusi kwenye muundi wa mtoto wetu ulitoka hapo. Ukucha uliokufa pia: kisigino kilikuwa kinapanda na kuteleza mbele, kidole gumba kinagonga ganda. Watu wanadhani ukucha unakufa kwa sababu kiatu ni kidogo. Mara nyingi ni kikubwa.

Hapo ndipo sisi wamama wa Kongo tunapotegwa, kwa maana tumezoea kununua vikubwa. Nenda soko la Kadutu siku yoyote karibu na kuanza kwa masomo uone: mama anapima kiatu, anaingiza kidole nyuma ya kisigino, anasema atakua, anaongeza namba moja, halafu anatia karatasi mbele. Ni akili nzuri kwa kiatu cha shule, mfuko hauna mwisho. Kwa kiatu cha ski ni hatari, na wamama zetu wa Ulaya wamesafiri na desturi hiyo. Mfupa wa muundi ni mmoja wa mifupa inayovunjika kwa watoto wanaoteleza. Wala si lazima kununua: viatu vya watoto vinakodishwa kwa siku au kwa juma, na kabla ya baridi, miji mingi ya kule ina masoko ya vyama ambako familia zinauziana vya mitumba kwa bei ya huruma. Mwaka ukipita mtoto akikua, unarudisha, unachukua vingine. Kwa hiyo neno lile la atakua halina kazi hapo.

Siku tatu kabla ya safari ya shule tulikwenda magazini nyingine. Tulikuwa wanne: mdogo wangu, mtoto, mimi, na mtoto mdogo wa mgongoni. Muuzaji alikuwa mama wa umri wangu, nywele nyeupe, mikono ya fundi. Hakuuliza namba ya kiatu. Alimwambia mtoto avue, asimame wima juu ya kibao cha kupimia, miguu yote miwili. Namba za viatu hivi ni urefu wa unyayo kwa santimetri, basi. Si 36 wala 37. Wa kushoto ulikuwa santimetri 23, wa kulia pungufu kidogo. Mwaka uliopita walikuwa wamempa 25.

Kisha akafanya jambo ambalo nataka kila mama akumbuke, kwa sababu halihitaji chombo chochote. Alitoa kile kiatu laini cha ndani, akamwambia mtoto aingize mguu mtupu kwenye ganda peke yake, asogeze vidole mbele mpaka viguse. Halafu akaingiza vidole vyake nyuma ya kisigino. Nafasi ya kidole kimoja na nusu, hadi viwili vikibanana, ni sawa. Kwa ganda la 25 ungeweza kuingiza ngumi ya mtoto mchanga. Kwa ganda la 23, kidole kimoja na nusu. Akatikisa kichwa kwa furaha, kama mama anayeona unga umeiva. Akatuambia pia kwamba nusu namba, kwa mfano 23 na nusu, mara nyingi ina ganda lile lile la 23; tofauti iko kwenye sponji tu. Kwa hiyo usidanganywe na nusu.

Baada ya urefu, upana. Viatu hivi vina kipimo cha upana kwa milimetri mahali vidole vinapoanza: karibu 98 ni vyembamba, 100 vya katikati, 102 na zaidi ni vipana. Vile vya kukodisha kwa kawaida ni vipana, kwa sababu vinapaswa kuingia kila mtu. Mwenye unyayo mwembamba ndani yake ni kama mchi ndani ya kinu. Kukaza bizimu hakusaidii: unakaza mpaka tundu la mwisho, unabana damu juu ya unyayo, vidole vinakufa ganzi kwa baridi, na pembeni bado kuna nafasi. Yule mama alitafuta stoo nyuma, akarudi na viatu vyembamba vya wanawake vya namba ndogo, plastiki isiyo ngumu sana. Ugumu nao una namba, sitini, themanini, mia, na kuendelea. Mtoto mwepesi akipewa ugumu wa mtu mzima hawezi kukikunja, anabaki amekaa nyuma kama mtu aliye kwenye choo.

Halafu muundi. Hapo ndipo nilipoona ufundi. Hata kwenye kiatu chembamba, juu kulikuwa na nafasi kati ya mguu na plastiki, kwa sababu nyama ya nyuma ya mguu haikuwepo ya kujaza. Ajabu ni kwamba mawaidha mengi ya viatu vya wanawake yanahusu wenye miguu minene, ambao bizimu hazifiki. Sisi wa kupanda na kushuka Bukavu tungekuwa huko. Wembamba wanasahauliwa. Yule mama alichukua ufunguo mdogo, akafungua skurubu za bizimu mbili za juu, akazisogeza tundu moja ndani. Nilikuwa sijui kwamba zinasogezwa! Kwenye viatu vingi matundu ya akiba yapo, ni kuuliza tu. Kisha akaweka kipande cha plastiki laini nyuma, kati ya ganda na kiatu cha ndani, kujaza pengo la nyuma ya mguu. Chembamba, akasema, kwa sababu kikiwa kinene kinamsukuma mtoto mbele mno na mapaja yanachoka kabla ya saa sita. Akabandika sponji mbili zenye umbo la herufi L chini ya kifundo cha mguu, huku na huku, ili kisigino kikae chini. Akabadilisha soli ya ndani, akaweka yenye kushika upinde wa unyayo. Yote hayo yalichukua chini ya saa nzima.

Soksi? Moja. Nyembamba, ndefu mpaka chini ya goti, isiyo na mshono mkubwa. Mdogo wangu alibisha hapo, na mimi moyoni nilikuwa upande wake, kwa sababu baridi ni baridi. Lakini yule mama alieleza: soksi mbili zinateleza moja juu ya nyingine, zinafanya mikunjo, mikunjo inachubua, na zikibana damu, mguu unakuwa baridi kuliko wa soksi moja. Wala suruali ya ndani isiingizwe kwenye kiatu, iishie juu yake. Kitu chochote kati ya muundi na kiatu, isipokuwa soksi, kitageuka kuwa jiwe kufikia saa nne.

Kuvaa nako kuna utaratibu, na mtoto alifundishwa mpaka akaweza peke yake, maana mwalimu mmoja hawezi kufunga viatu vya watoto ishirini. Unaingiza mguu, unagonga kisigino chini mara mbili tatu ili kirudi nyuma kabisa. Unafunga kwanza bizimu ile iliyo karibu na kifundo, kwa kuwa ndiyo inayoshika kisigino. Halafu zile za muundi, kwa upole. Unasimama, unasukuma magoti mbele mara kadhaa, na kiatu kinakaa. Ndipo unakaza tundu moja zaidi. Ya vidoleni inafungwa mwisho na si kwa nguvu. Ukisimama wima, vidole vinagusa mbele. Ukikunja magoti, vinarudi nyuma kidogo na vinaweza kucheza. Mtoto akisema vinagusa, mama usikimbilie kubadilisha. Mwambie akunje magoti kwanza.

Nilitaka tuondoke, lakini yule mama alituzuia kwa jambo la mwisho, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Kiatu kinashikwa kwenye ski na chuma chenye springi, ambacho kinapaswa kuachia mtoto akianguka vibaya. Kisipoachia, ski inaukokota mguu na mfupa unalipa. Kikiachia ovyo, mtoto anaanguka bila sababu. Chuma hicho kinapangwa kulingana na uzito wa mtoto, urefu, umri, uwezo wake, na urefu wa ganda la kiatu kwa milimetri, namba iliyoandikwa kwenye plastiki upande wa kisigino. Kwa hiyo ukibadilisha viatu na kubaki na ski zile zile, lazima fundi apange upya. Hakuna kuazimana viatu na rafiki kule juu. Kiatu cha mtoto wetu kilikuwa na 273. Mdogo wangu aliiandika kwenye kipande cha karatasi pamoja na kilo zake za kweli, si zile za kumpendezesha bibi, akampa mtoto aweke mfukoni.

Hiyo safari ya bisi niliyowasimulia ilikuwa Jumamosi yake, siku moja kabla ya shule, ili ajaribu. Alishuka mteremko wa watoto mara ya kwanza akiwa amekunja uso. Mara ya pili. Mara ya tano akaanza kugeuka, kushoto, kulia, ski zikimtii. Mimi nilikuwa nimesimama chini na mtoto mchanga mgongoni, wazungu wakitazama kitenge changu juu ya koti. Saa sita alikuja kula mkate wake, akavua kiatu, akapandisha soksi, akaniambia, "Mama mkubwa, tazama." Muundi ulikuwa na alama nyekundu ya mshono wa soksi, basi. Guu la kushoto, lile refu kidogo, lilikuwa linamuuma upande wa kidole kidogo. Jioni tulirudi kwa yule mama, akapasha moto kiatu cha ndani mahali hapo, akakisukuma nje kidogo, hakutuomba hata senti.

Juma la shule lilipita bila simu ya mwalimu. Aliporudi nilimuuliza kama mtu alimwambia neno juu ya miguu yake. Akasema ndiyo, mvulana mmoja. Lakini mvulana huyo alikuwa kwenye kundi la wanaoanza, na yeye alikuwa amepandishwa kundi la pili, kwa hiyo hawakukutana sana.

Kwa wale wenye watoto huko, neno dogo la nyumbani. Kila jioni kiatu cha ndani kitolewe kwenye ganda na kikaushwe mbali kidogo na moto, kisikauke juu ya mashine ya joto, kwa sababu sponji inaharibika. Asubuhi kirudishwe, na bizimu zifungwe kidogo wakati kiatu hakivaliwi, ili ganda lisipoteze umbo. Mdogo wangu anaviweka bafuni, juu ya gazeti, mdomo ukiangalia juu.